Mbwa wa familia ya mazoezi Nairobi: hesabu Jumanne, usihesabu Jumamosi

Wacha nianze na Jumanne, maanake Jumamosi kila mtu Nairobi ni mwanariadha. Jumamosi mko msitu wa Karura, watoto wana baiskeli, baba amevaa kaptula, mama anapiga picha, na hapo ndipo mtu husema "hapa tungekuwa na mbwa ingekuwa poa sana." Haya, Jumanne sasa. Jumanne umetoka saa kumi na moja na nusu ndio uishinde jam, basi la shule limechukua watoto saa kumi na mbili, jioni mmoja ako jim, mwingine ako mazoezi ya basketi, wa tatu ana tuisheni, mnakutana mezani saa mbili usiku kila mtu amechoka kama punda wa maji. Mbwa mliyemnunua ju ya Jumamosi ataishi na nyinyi Jumanne. Na Jumatano. Na Alhamisi.

Nayajua haya ju yalinipata. Tulikuwa tunakaa Rongai, kanyumba na kakompaundi, mimi nakimbia, mama watoto anaendesha baiskeli, kijana wetu ni mpira asubuhi mpira jioni, kwa hivyo kila tuliyemuuliza alituambia nyinyi ni watu wa mazoezi chukueni German Shepherd. Tukachukua. Tukamwita Simba (najua, nusu ya mbwa wa Kenya wanaitwa Simba, nusu ingine Bosco). Chenye hatukuhesabu ni kwamba mazoezi yetu yote yalikuwa nje ya nyumba na hayakuwa na mbwa ndani. Kufika miezi saba Simba alikuwa amechimba shamba lote la sukuma, amerarua yunifomu za jirani kwa kamba ya nguo, na soja wa geti alikuwa anatupea ripoti kila jioni vile amebweka kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja bila kupumzika. Mwishowe mjomba wangu wa Limuru alimchukua. Huko anatembea na ng'ombe kutwa nzima na hajawahi kuharibu kitu. Shida haikuwa Simba.

Kwa hivyo hii ni njia yenye ningefuata nikianza upya, na ndiyo tulifuata mara ya pili.

Kwanza, tembea na kamba tupu

Kabla hujaangalia picha hata moja ya mbwa, nunua kamba yake, ile ya kawaida tu, halafu kwa wiki mbili utoke nayo kila siku. Ndio, bila mbwa. Dakika 40 asubuhi na dakika 20 jioni, mvua ikinyesha unatoka, umerudi kazini saa mbili na njaa unatoka, Arsenal wanacheza unatoka. Siku ya tatu soja wetu aliniuliza kama kuna kitu kimenipotea. Nilimwambia natafuta mbwa, akacheka hadi akakaa chini.

Wiki mbili zikiisha hesabu siku zenye uliruka. Kama hukuruka hata moja na ulikuwa unasikia ungeongeza, wewe unaweza anza kuongea mambo ya mbwa wa kazi ngumu. Ukiruka kama tatu hadi tano, na mimi niliruka tano, zote za katikati ya wiki, basi tafuta mbwa wa wastani, na ikiwezekana mtu mzima, si kitoto. Ukiruka zaidi ya nusu, nisamehe lakini nyumba yenu si ya mazoezi, ni ya pilikapilika, na hiyo ni tofauti kubwa ju mbwa hawezi jua kama mko bize ama mmemtoroka. Anaona tu geti imefungwa.

Kitu kingine hii kamba itakuonyesha ni njia zenu. Utajua ni wapi hakuna taa, ni wapi boda zinapita juu ya pavumenti, ni wapi mbwa koko wanalala kwa takataka na wakiona mbwa mgeni watakuja kusalimia kwa meno, na ni saa ngapi barabara ya esteti huwa tulivu. Hayo yote ni afadhali uyajue mkono ukiwa mtupu.

Kikao cha nyumba, na dada awe ndani

Watu wengi hufanya kikao na watoto, wanauliza mnataka mbwa, watoto wanapiga nduru ndiooo, mambo yanaisha. Sasa wewe fikiria, mchana mbwa atakuwa na nani? Na dada wa nyumba. Na kama dada anaogopa mbwa, na wengi wanaogopa ju walikua wakijua mbwa ni wa kufungiwa mchana na kufunguliwa usiku aume watu, basi yule mbwa atafungiwa kwa kibanda kutoka asubuhi mpaka nyinyi mrudi, hata kama amewagharimu shilingi elfu hamsini. Sio makosa ya dada. Hakuna mtu alimuuliza. Muite, mumuulize vizuri, na kama mtamuongezea kazi ya kumlisha na kusafisha basi muongeze na mshahara, hiyo ni haki yake.

Kama mnakaa flati, soma agrimenti ya nyumba kwanza, kuna landilodi hawataki mbwa kabisa na kuna wenye wanakubali wadogo tu. Afisi ya esteti waulize pia. Halafu majirani. Mkiwa South C ama Eastleigh ama mahali popote mko na majirani Waislamu, elewa kwamba mate ya mbwa yakimgusa mtu anayeenda kuswali ni usumbufu mkubwa kwake, kwa hivyo kwa lifti na kwa ngazi kamba inakuwa fupi, na ukipata mtu ndani ya lifti unangoja ingine. Mambo madogo kama haya ndiyo hufanya mbwa akae mtaani kwa amani miaka kumi na mbili.

Watoto wadogo chini ya miaka mitano ni swali lingine. Mbwa wa kuchunga mifugo akiona watoto wanakimbia kwa kompaundi, damu inamwambia awakusanye, na vile anajua kukusanya ni kuuma visigino. Si ukali, ni kazi. Lakini mtoto hajui hiyo tofauti, na mamake pia hajui.

Mchezo wenu ni gani hasa

Neno "mazoezi" ni pana. Mtu wa kukimbia kilomita kumi na mtu wa kurusha mpira kwa kompaundi wote wanajiita watu wa mazoezi, na mbwa wao hawafanani hata kidogo. Kila aina ya mbwa ilitengenezwa na watu wenye walikuwa na kazi fulani, na hiyo kazi haijatoka kwa damu ati ju sai anakaa Kileleshwa.

Tuseme nyinyi ni wa kukimbia umbali mrefu, mwendo wa taratibu, asubuhi na mapema. Hapo mimi naangalia Rhodesian Ridgeback kwanza. Huyu ni mbwa wa Afrika kweli, mababu zake ni mbwa wa Wakhoikhoi, watu wa asili wa kusini mwa Afrika, mbwa wenye walikuwa na ile mstari ya manyoya mgongoni yanayolala kinyume na mengine, wakachanganyika na mbwa wa walowezi, na sheria za kumtambua ziliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya sasa, mwaka wa 1922. Wawindaji walimtumia kumzingira simba asimame mahali pamoja mpaka mtu afike na bunduki, kwa hivyo alihitaji pumzi na akili, sio kurukia vitu ovyo. Manyoya ni mafupi, jua la Januari hapa analibeba vizuri kuliko wengi, na ndani ya nyumba ni mtulivu ajabu, analala kama godoro. Lakini ni mkubwa, dume hufika kilo 40, ni mkaidi, na akikuvuta kwa kamba umevutika. Si mbwa wa mtu anayefuga mara ya kwanza. Dalmatian pia ni wa kukimbia, wazungu walimtumia kukimbia kando ya magari ya farasi, ila wengine huzaliwa viziwi na mkojo wao huwa na tabia ya kutengeneza mawe, kwa hivyo uliza kama masikio yalipimwa na uhakikishe maji hayakosekani. Maji Nairobi ni hadithi ingine lakini weka jerikeni yake kando.

Kama mchezo wenu ni mpira, kuogelea, watoto wanaruka, wageni wanaingia na kutoka kila wikendi, hapo ni Labrador ama Golden Retriever na sioni sababu ya kuzunguka. Hawa walitengenezwa kumletea mwindaji ndege aliyeanguka, kwa hivyo wanaweza kukuletea mpira mpaka mkono wako ung'oke. Wanapenda watu wote, hata mwizi, usinunue Labrador ukitarajia ulinzi. Shida ya Labrador ni tumbo. Mwaka wa 2016 watafiti wa Cambridge waligundua karibu mmoja kwa kila Labrador wanne ana hitilafu kwa jeni (ile ya kurithi) inayoitwa POMC, yenye inaendana na uzito na tamaa ya chakula, kwa hivyo ukimwona anakuangalia na yale macho kama hajakula tangu uhuru, usidanganyike, amekula saa moja iliyopita. Pima chakula kwa kikombe, kila siku kikombe kile kile. Labrador mnene magoti na nyonga zinaisha mapema, na hapo mazoezi yenu yote yamekwisha naye.

German Shepherd sasa, ju najua bado unamtaka, Nairobi hii mtu akisema mbwa anamaanisha huyu. Sikukatazi. Mzungu mmoja anaitwa Max von Stephanitz ndiye alimuandikisha wa kwanza huko Ujerumani mwaka wa 1899, na kazi yake ilikuwa kuwa ua linalotembea: kondoo wanakula upande huu, shamba la mtu liko upande ule, na mbwa anatembea mpakani huku na huku kutwa nzima kondoo wasivuke. Ukimweka kwa kompaundi ya futi 50 kwa 100 bila kazi, ataitafuta mwenyewe, na mpaka atakaouchagua utakuwa geti na kondoo watakuwa watu wa boda. Anahitaji saa moja na nusu hadi mbili za kutoka, na nusu ya hizo iwe ni kufikiri, sio kukimbia tu: kutafuta kitu kilichofichwa, kukaa, kungoja, kuitwa. Kama kuna mtu kwa nyumba anapenda kufundisha, na anarudi mapema, huyu mbwa atakupea heshima miaka mingi. Uliza tu kuhusu nyonga za wazazi wake, ju ugonjwa wa nyonga unawasumbua sana, na ukiona mgongo umeinama nyuma kama bembea, ondoka hapo.

Malinois usimguse. Naona vijana wameanza kumtaka ju wameona video zake akiruka ukuta. Yule ni mfanyakazi wa polisi na jeshi, akikaa bila kazi siku mbili anakula kochi. Border Collie vivyo hivyo, ni mdogo na mzuri na pengine ndiye ana akili kuliko wote, lakini akili bila kazi ni shida, atachunga watoto, atachunga gari, atachunga kivuli.

Watu wa flati msijali, kuna Jack Russell. Kilo sita hivi za fujo tupu. Alitengenezwa kuingia kwa shimo la mbweha kwa hivyo anachimba, anabweka, na panya hawatakaa kwa nyumba yenu, lakini pia kuku wa jirani hawatakaa. Anaweza kukimbia kilomita tano na wewe na akirudi aombe ingine. Mkiwa upande wa Karen, Lang'ata, Rongai, Kitengela, kumbuka huyu anapigana na nyoka, na swila akimtemea mate machoni unaosha na maji safi mengi, mengi kabisa, huku mtu akipigia daktari wa mifugo simu. Japanese Spitz wenye wamejaa mtaani ni wa matembezi ya wastani, sio marathoni, na yale manyoya meupe kwa matope ya Aprili, mtajua wenyewe.

Wa kuacha kabisa kama nyinyi ni wa mbio: Pug, bulldogi wa aina yoyote, na hawa wote wa pua iliyobonyea. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, na yule pua yake haipitishi hewa ya kutosha hata akiwa amekaa. Ukimkimbiza saa nne asubuhi mwezi wa pili unaweza kumpoteza palepale. Husky naye ni wa kuvuta sileji Siberia, Nairobi kuna baridi ya Julai ndio lakini sio hiyo, na akitoroka harudi. Boerboel ni mlinzi mzito, sio mkimbiaji, viungo vyake havitaki.

Na sasa nije kwa yule hakuna mtu humtaja. Mbwa wa kienyeji. Huyu tunamwita koko, tunamtupia mawe, na ndiye hutembea nyuma ya wachungaji kutoka alfajiri hadi jioni bila shida, manyoya mafupi, mwili mwepesi, wengi ni kilo 15 hadi 20, miguu mirefu, hana nyonga mbovu za kurithishwa kwa mpangilio ju hakuna mtu alimpangia ndoa. Sisemi hawezi kuwa mgonjwa, chanjo anahitaji kama wengine wote. Lakini mtu akiniuliza nitafute mbwa gani wa kukimbia naye Nairobi, nakimbia mara nne kwa wiki, sina pesa ya maonyesho, jibu langu ni hilo.

Kompaundi haimtembezi mbwa

Kuna watu wanasema "sisi tuna nusu eka Karen, mbwa atajikimbiza." Hajikimbizi. Mbwa akiachwa peke yake kwa nusu eka atakimbia mara mbili, atalala kwa mlango, atangoja. Nimeona Jack Russell wa flati ya Kilimani mwenye afya kuliko Labrador wa Karen mwenye bustani, ju wa flati lazima atolewe mara tatu kwa siku, hakuna njia ingine. Eneo linasaidia mpira, basi.

Mahali pa kumpata

Barabarani, hapana. Najua unawaona, vijana wamesimama kando ya barabara na vitoto viwili kila mkono, unateremsha dirisha, unaambiwa "huyu ni Labrador pyua, mama yake ako hapo tu Runda." Mama hutamwona. Mara nyingi kile kitoto kimetolewa kwa mama kabla ya wiki nane, kimepigwa jua siku nzima, chanjo ni kartasi tu, na parvo, ule ugonjwa wa kuhara na kutapika wa vitoto, ikianza ndani ya wiki moja unalipa daktari mara tatu ya bei yake huku watoto wanalia. Jirani yetu mmoja alinunua "Rottweiler" hivyo, akakua akawa na masikio yamesimama na mkia wa mbweha. Wanampenda, lakini walilipia Rottweiler.

Ukitaka mbwa wa asili inayojulikana, nenda kwa mfugaji nyumbani kwake, umwone mama na kama inawezekana baba, uone wanalala wapi, uulize karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachoandikisha mbwa wa asili, kama anadai wameandikishwa. Angalia tabia ya mama. Kama mama anajificha ama anataka kukuuma, watoto watamfuata. Mfugaji mzuri atakuuliza maswali mengi kuliko yako, unakaa wapi, mchana nani ako nyumbani, na asipokuuliza chochote isipokuwa M-Pesa, hiyo ni dalili.

Njia ingine, na ndiyo tulichukua, ni KSPCA, shirika la kutetea wanyama, huko Lang'ata Road, Karen, wenye wamekuwepo tangu 1910. Hapo unapata mbwa watu wazima pia na hiyo ni siri yenye watu hawaithamini. Kitoto cha mbwa ni bahati nasibu, hujui ukubwa, hujui moyo. Mbwa wa miaka miwili unaona kila kitu siku hiyo hiyo: anavuta kamba ama havuti, anaogopa watoto ama hawaogopi, anachoka haraka ama la. Nenda na familia yote, dada pia, mtembee naye. Enda mara mbili, siku tofauti, ju mbwa ana siku mbaya kama mtu. Bosco wetu mara ya kwanza alitupuuza kabisa, mara ya pili alienda moja kwa moja akakaa kwa miguu ya dada, na dada ndiye alisema huyu. Mimi nilikuwa naangalia mwingine.

Amefika, usimkimbize bado

Ukichukua kitoto, ujue hutakimbia naye mwaka mzima. Mifupa yake bado iko na sehemu laini za kukua, mbwa mkubwa zinafunga akiwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, na ukimzoesha lami kilomita tano akiwa na miezi sita unamharibu viungo vya maisha yote. Kwa huo mwaka ni michezo mifupi, nyasi, kujua jina, kujua kutembea na kamba. Wiki ya tatu hadi ya kumi na nne ndiyo anajifunza dunia ni nini, kwa hivyo mbebe mkononi aone matatu, asikie muadhini, aone mtu wa mwavuli na mtu wa helmeti, lakini asikanyage chini mahali mbwa wengine wanapita kabla chanjo haijakamilika. Chanjo zinaanza wiki ya sita na kurudiwa kila wiki tatu nne mpaka wiki ya kumi na sita, na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu, halafu kila mwaka. Hiyo ya kichaa haina mjadala, kichaa kikishaonyesha dalili hakina dawa, kwa mbwa na kwa mtu.

Kupe ndio adui wa mbwa wa mazoezi hapa kwetu. Ukitoka Karura, Ngong Forest ama kwa nyasi zozote ndefu, mpekue mara moja: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, kwa kwapa. Weka dawa ya kupe kwa ratiba yenye daktari amekupea, usiruke mwezi. Ukiona mbwa mwenye jana alikuwa anaruka leo amelala, hataki chakula, fizi zimekuwa nyeupe ama mkojo umegeuka rangi kama chai ya rangi, usingoje kesho, hiyo inaweza kuwa homa ya kupe na inamaliza damu haraka.

Chakula, nitasema moja tu. Kama unampikia ugali, unga uwe ule ungekula wewe. Kuna tabia ya kusema huu unga umeshika kuvu tumpe mbwa. Sumu ya ile kuvu inaua maini ya mbwa, na mbwa wengi wa mji huu wamekufa hivyo watu wakidhani wamewekewa sumu na wezi.

Saa za kutoka ni kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na moja jioni, hasa Januari hadi Machi. Weka nyuma ya mkono kwa lami uhesabu mpaka saba, ukishindwa kuvumilia, nyayo zake pia haziwezi. Akianza kuhema kwa sauti, ulimi umepanuka, anatembea kama mlevi, simama, kivuli, maji ya kawaida kwa tumbo na miguu, na daktari. Anza na kilomita mbili, ongeza kidogo kidogo kama vile wewe mwenyewe ulianza, sijui kwa nini watu wanadhani mbwa amezaliwa na pumzi ya Kipchoge.

Mahali pa kwenda: Karura wanakubali mbwa akiwa na kamba, unalipa kiingilio na unaokota kinyesi chake, beba mifuko. Mbuga za KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hawaruhusu wanyama wa nyumbani, kwa hivyo Longonot na Hell's Gate mwache nyumbani, usifike geti na mbwa kwa gari uanze kubembeleza askari. Ngong Hills ni kuzuri sana, upepo, nyasi, juu ya mita 2,400, lakini kule kuna mbuzi na ng'ombe za wenyewe na mchungaji hajali mbwa wako ana karatasi za wapi. Simba, yule wa kwanza, alitukimbilia mbuzi hapo siku moja, mmoja akavunjika mguu kwa mawe, na nililipa mbuzi mzima na kuomba radhi mbele ya wazee wawili, vile inafaa. Sai tukifika naifunga kamba kiunoni kabla sijafungua mlango wa gari. Mbuzi wakija Bosco anakaa chini, anawaangalia, mate yanamtoka, na akikaa mpaka wa mwisho apite napata kipande cha maini makavu kwa mfuko nampea.